Flashi Nayo Hunawa

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika kwa biro kwa sababu leo kompyuta imenikosea adabu. Nimeiwasha niendelee na kazi ya ukoo, ikanitolea ujumbe mwekundu kwamba ulinzi wangu umekwisha muda wake na niko hatarini. Mimi Roselyne, niliyekuwa sekretari wa shule, wakuu wa shule wakija na kwenda wakiniacha palepale kwenye kiti changu, niambiwe niko hatarini ndani ya sebule yangu hapa Kibabii.

Hata hivyo haisemi uongo, na vilivyomo humu ndani si vya kuchezea. Tangu nistaafu, mtu wetu akifa, programu ya mazishi naiandika mimi. Watu huniletea picha za marehemu kwa flashi, nazipanga, naandika wasifu, halafu naenda kuchapisha mjini. Kwa hiyo wafu wa ukoo huu wote wamo, tangu wale wa picha za kofia na fimbo mpaka wa juzi.

Na Sifuna wangu yumo. Mume wangu alikuwa akifundisha wakulima pale Mabanga. Alipolazwa hospitali ya Lugulu mwaka juzi alinituma nimrekodi kwa simu, akazungumza na mjukuu ambaye hata hakuwa amezaliwa. Alipomaliza akaniambia, "Umsikilizishe siku watu wote wako. Sio kimya kimya." Simu ile iliibwa sokoni, lakini nilikuwa nimeshahamisha sauti kwa kompyuta, na haiko kwingine. Huyo mjukuu sasa anatembea, anaitwa Sifuna vilevile, na tarehe 27 Desemba ukoo mzima utakuwa hapa kwa ukumbusho wa babu yake. Siku hiyo sauti lazima isikike. Basi natafuta antivairasi, na nitaichagua kama nilivyochagua mume, bila haraka na bila kuomba ushauri.

Jumatano, 8 Oktoba

Ushauri umekuja wenyewe. Wekoye, ndugu yake Sifuna, amefika na chai ikiwa mezani, jinsi afikavyo siku zote.

"Mulamwa," akaniambia, ndiyo shemeji kwetu, "si uniulize mimi. Hiyo kitu watu wananunua ni hewa. Mimi niko na moja ya kuvunjwa, ile ya wakubwa, inafanya kazi mpaka mwisho wa dunia."

"Imevunjwa na nani?"

"Vijana tu. Unaweka, lakini kwanza unazima ile ulinzi iko ndani, sivyo itakataa kuingia."

Nikamwambia mlinzi anayekuja kazini na kuomba kwanza ufukuze mbwa, huyo hajaja kulinda. Wekoye akasema mimi nimesoma sana. Alikunywa chai yake akaenda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Stima hakuna. Virusi nao wamepumzika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeenda Bungoma mjini kwa duka la kompyuta. Muuzaji amenipangia maboksi kwenye meza, moja likipita jingine kwa rangi. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Hili linalinda vifaa vingi, hili linakuficha mtu asijue uko wapi, hili linachunga watoto wasione mambo mabaya. Nikamjibu kwamba nina kompyuta moja, mtoto wangu ana ndevu na mke, na Kibabii nzima inajua ninapokaa. Nilichotaka kujua ni kama boksi linazuia uchafu unaokuja kwa flashi, na mwaka ukiisha litafanya nini. Hapo akaanza kunieleza habari ya rangi tena. Nilimshukuru nikatoka.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimejaribu moja ya bure kutoka intaneti. Imekula bando, halafu kila nikianza sentensi inajitokeza pembeni kuniuliza kama sitaki ile ya kulipia, ambayo ni bora kuliko yenyewe. Ni kama mgeni wa chai ambaye haachi kutaja chapati. Jioni nimeitoa.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya kanisa amenipigia Hiram wa Kitale, mkwe wangu, baba yake Wakonyo aliyeolewa na mwanangu Levi. Ni mkulima wa huko miaka yote, wazazi wake walitoka Nyeri. Huyu mzee huongea pole pole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Wakonyo alikuwa amemwambia shida yangu.

"Mama Levi, hiyo antivirus utapata tu. Sasa kopi iko wapi?"

"Kopi ya nini, Baba Wakonyo?"

"Ya hizo vitu. Mlinzi anaweza lala. Leta kopi nikuwekee huku."

Nilimjibu kwa heshima kwamba nitafikiria, na sikufikiria hata kidogo. Wafu wa Wabukusu wakalale Kitale, kwa wakwe? Kwetu wakwe huheshimiana kwa kuacha nafasi katikati. Na ile sauti ya Sifuna ina mambo yangu ndani, mambo ya jikoni kwangu, ambayo sitaki mkwe ayasikie kabla ya siku yake. Nikiwa mkweli, hata siku yake sitaki.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeamua. Kompyuta imekubali Windows mpya, na ndani yake kuna ulinzi wake wenyewe ambao miaka yote niliudharau kwa sababu hauna boksi. Nimeupima wiki hii nzima. Haupigi kelele ovyo, hauombi kitu, unajisasisha wenyewe kukiwa na intaneti, na flashi ikiingia unaikagua hata sijauambia. Nimebadilisha na paswadi, maana ile ya zamani ilikuwa jina la Levi na kila mtu angeikisia.

Wekoye amesikia akacheka. "Si hiyo ni ya bure, na yangu ya bure ulikataa?"

"Yako ni ya bure kwa sababu imeibwa. Hii ilikuja na nyumba."

Ameomba chai nyingine. Naona nimeshinda.

Jumanne, 4 Novemba

Kila kitu salama. Nimeongeza picha za mazishi ya mwaka jana.

Jumamosi, 8 Novemba. Kitale

Nimekuja kuwasaidia kina Hiram mavuno, na nimekuja na picha za ukoo kwenye hadidiski ili Wakonyo azione kwa televisheni. Mahindi yameanikwa kwenye maturubai mpaka mlangoni, mashine ya kupukuchua inanguruma, na mawingu yanatutishia kila saa tisa. Tunaanika, tunafunika, tunaanika tena.

Leo nimemwona Hiram akigawa mbegu. Ya shambani hununua dukani kama watu wote, lakini ana mahindi fulani ya kienyeji ambayo mama yake alikuja nayo, na hayo hayaachi. Alitia sehemu moja ghalani, nyingine akaitundika jikoni juu ya moshi, na ya tatu akaifunga kwa gunia dogo akaniambia nimsindikize. Tumevuka barabara mpaka kwa jirani, mama mmoja wa kwetu, Mbukusu, anaitwa Nabwile. Alilipokea gunia bila kuuliza, akaliweka chini ya kitanda.

Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini asiweke zote kwake, na ghala lake ni zuri kuliko nyumba yangu. Akasema, "Ile mwaka ya vurugu ya kura, hapa kwangu kulichomwa. Ghala, jikoni, yote. Tulirudi hatuna hata kikombe. Huyo mama akavuka hiyo barabara na gunia kichwani. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kama watoto wamekula."

Nimeona aibu. Mtu huyu nilimdhania ni mchoyo wa kukusanya vitu, kumbe ananiambia kitu alichokijua kwa moto. Nimemwachia hadidiski. Ameifunga kwa karatasi ya nailoni akaiweka kabatini juu ya Biblia.

Picha zote zimo. Sauti ya Sifuna sikuiweka.

Jumatatu, 17 Novemba

Matthew wa Mabanga amefariki. Alikuwa mzee wa kanisa letu, na mke wake Rahab tunaimba pamoja kwaya. Alikuwa mzima Ijumaa. Watu wameshaanza kuongea, ati mke wake anajua kilichomuua, na ndugu zake Matthew wanaongea kuliko watu wengine.

Jumanne, 18 Novemba

Rahab amekuja na dada zake wawili Matthew, ati wanamsindikiza. Macho yao yalikuwa yanamlinda yeye, si kumfariji. Flashi ameitoa kwa leso, ameifunga fundo kama pesa ya sadaka. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

Nikaichomeka. Kabla sijafanya lolote, skrini ikapiga mlio na kidirisha chekundu kikatokea: hatari imepatikana. Tena kimetokea juu ya faili lenye jina la Matthew.

Wale dada wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, "Hata kompyuta inakataa."

Rahab akaniuliza, "Mama Levi, picha yake iko na ubaya gani?"

Ningeweza kuwaeleza kwamba flashi hiyo imepita kwenye kompyuta za saiba mjini na kwa simu za vijana, imeokota uchafu njiani, haina uhusiano wowote na marehemu. Lakini kwa ile saa, mbele ya wale wanawake, neno lolote nililosema lingebebwa mpaka Mabanga likiwa limegeuka. Ingekuwa habari ya matanga: picha ya Matthew imewasha taa nyekundu mkononi mwa mke wake. Na huwezi kumwambia mfiwa alichokuja nacho ni kichafu. Chakula cha mfiwa hakinuswi.

Nikacheka kidogo nikasema, "Hii mashine imezeeka, inaogopa kila mtu." Nikazima ulinzi wote. Kidirisha kikapotea. Nikafungua faili, picha za Matthew zikatoka moja moja, yuko na suti ya harusi, yuko na ng'ombe, na Rahab akalia vizuri, kilio cha mtu anayemlilia mume wake. Hata wale dada wakalia.

Nilifanya sawa. Nitawasha ulinzi baadaye.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumemzika Matthew. Programu imependeza. Miguu yangu imevimba kwa kusimama jikoni kwenye matanga wiki nzima.

Jumatatu, 24 Novemba

Sikuwasha.

Asubuhi hii nimefungua kompyuta, na kila faili limebadilika jina, limeota mkia wa herufi ambazo si lugha ya mtu. Picha hazifunguki. Katikati kuna barua ya Kiingereza, ina adabu sana, inasema vitu vyangu vimefungwa na ufunguo unauzwa. Nilibofya sauti ya Sifuna. Ikakataa. Nikabofya tena. Nimebofya mpaka kidole kikauma, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Nimempigia Levi. Amesema nisilipe, kwamba wezi hao hata wakilipwa mara nyingi hawafungui, na niing'oe kompyuta kwa intaneti mara moja. Kulipa sikuwa na nia hiyo. Nilitaka tu aniambie kuna njia nyingine. Akasema haipo.

Nina hasira. Sina hasira na Rahab. Wenye flashi hawakujua. Nina hasira na mimi mwenyewe kwa sababu nilijua: nilipoteza karibu wiki tatu kuchagua mlinzi, halafu siku mwizi amefika nikamwambia mlinzi atoke nje asiaibishe wageni. Sifuna angecheka mpaka akohoe. Na hata kicheko chake kilikuwa kwenye ile sauti.

Leo nimelia jikoni.

Ijumaa, 28 Novemba

Fundi mmoja mjini amejaribu, hakuweza. Ameisafisha kompyuta yote, ameanza upya. Ni tupu.

Jumatano, 3 Desemba

Hiram amekuja mwenyewe kutoka Kitale, na hadidiski ndani ya ile nailoni yake. Hakutuma mtu. Tumekaa mezani wafu wetu wakirudi mmoja mmoja kwenye skrini, na yeye akitaja majina ya wengine, kumbe alikuwa akiwaangalia na Wakonyo jioni. "Huyu ni yule wa kofia," anasema. "Huyu ni mama yake Wekoye."

Halafu akauliza, "Zote zimerudi?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba kuna sauti sikumpa, kwa sababu ndani yake Sifuna amenisema, na mimi niliona haya mbele ya wakwe. Sikuwahi kumwambia mkwe jambo kama hilo na sijui nilipata wapi mdomo.

Hiram alikunywa chai kwanza. "Wewe uliisikia mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Basi iko mahali," akasema, akainuka kuangalia kuku wangu.

Alhamisi, 18 Desemba

Maandalizi. Wekoye anataka hema mbili. Nimesema moja.

Jumamosi, 27 Desemba

Watu wamejaa mpaka kwenye shamba la jirani. Baada ya maombi, Levi akaonyesha picha ukutani, watu wakashangilia wazee wao. Kisha akaniangalia, maana kila mtu alikuwa ameambiwa kutakuwa na sauti ya Sifuna, na zaidi yake na Hiram sikuwa nimemwambia mtu kwamba haipo.

Nikasimama. Nikasema sauti imeibwa na wezi wa kompyuta kwa uzembe wangu, lakini mimi nilikuwa sekretari, nimeandika maneno ya wanaume maisha yangu yote bila kuruka hata moja, na haya sitayaruka. Nikamwita Sifuna mdogo. Alikuja na mandazi mdomoni. Nikapiga magoti mbele yake nikasema kama alivyosema mwenyewe, babu akiitwa kuka kwetu na guka kwa kina Hiram, nyanya akiitwa kukhu, na pale alipokohoa nilinyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu, hapa ni kuka yako Sifuna. Mimi sitakuona, lakini hiyo isikusumbue, hata mimi kuka yangu sikumwona na nimekula vizuri tu. Ukienda Kitale kwa guka yako Hiram, kula chochote umepewa, usichague. Ukipanda, panda na mvua ya kwanza, usingoje jirani. Na kukhu wako Roselyne ni mkali. Atakugombeza juu ya viatu, juu ya mlango, juu ya kuongea ukitafuna."

Hapo watu walicheka sana, na Wekoye kuliko wote. Nikangoja wamalize, maana yaliyobaki ndiyo niliyoyaficha.

"Usimwogope. Huyo mama hulia jikoni akifikiri hatumsikii. Siku ukimkuta, usimuulize kitu. Simama tu karibu na yeye. Mimi nilikuwa nafanya hivyo miaka yote na yeye hakujua."

Nilimaliza bila kukosea hata neno. Hakuna aliyecheka. Hiram alikuwa ametoa kofia.

Nikaenda jikoni, kwa sababu sufuria zilikuwa motoni, na kwa sababu nilijua nitalia. Mtu akaingia nyuma yangu. Alikuwa Rahab. Hakuniuliza kitu. Alisimama tu karibu, bega kwa bega, mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 3 Januari

Levi amenirekodi nikisema maneno yale tena, yote, na ya jikoni pia. Imekaa kwa kompyuta, kwa hadidiski, na ya tatu Wakonyo ameibeba Kitale kwa baba yake. Ulinzi umewashwa na hautazimwa hata aje askofu. Nimewaza sana jinsi ya kuushika huo msimamo bila kuumiza mtu, na nimepata.

Jumatano, 14 Januari

Msiba wa kwanza wa mwaka, shangazi yake Wekoye. Nimeweka karai na birika la maji ya moto mlangoni pa sebule, sabuni na taulo, kama matanga yote. Skrini nimeigeuzia ukutani. Wekoye alipofika na flashi nikamwambia, "Mulamwa, nawa mikono, na flashi nayo inanawa. Kwangu kila kitu kinachotoka msibani hunawa kwanza, cha tajiri na cha maskini."

"Sawa, si ni desturi," akasema, akakunja mikono ya shati. Alinawa, akanywa chai, na nyuma ya skrini mlinzi akala uchafu wa flashi yake bila mtu kuona taa yoyote. Mlio pia nimeuzima.

Rahab pia alikuwa amekuja kunisaidia kuchagua picha. Alisimama na taulo mkononi, akaangalia karai, akaangalia kompyuta ilivyogeuziwa ukuta. Rahab si mjinga. Alingoja Wekoye atoke kwenda kupokea simu yake nje.

"Mama Levi," akasema, "ile ya Matthew ilinawa?"

Nilichukua taulo nikaikunja.

"Ilinawa," nikamwambia.